Mtoto wa Ng'ambo ya Mpaka

Soko la Chepilat, lililo katika barabara itokayo Sotik kwenda Kisii, limekaa juu ya mpaka: mwenye kuuza ndizi aghalabu ametoka Kaunti ya Nyamira, ambako Wagusii ndio wengi, na mwenye kuzinunua ametoka Kaunti ya Bomet, katika nchi ya Wakipsigis na michai yao, na baina ya wawili hao hapana ukuta, ila hatua chache ambazo mtoto aliyetumwa chumvi huzivuka mara mbili kabla maji ya ugali hayajachemka. Mpaka huu umepata kumwagiwa damu. Ghasia za mwanzo wa miaka ya 1990, na zile zilizofuata uchaguzi wa Disemba 2007, ziliwaachia watu wa pande zote mbili makaburi na magofu, na hata leo ng'ombe akiibwa usiku, asubuhi wazee hawana budi kuwahi kukutana kabla vijana hawajakutana. Nimeanza na habari hii kwa makusudi, kwa kuwa nataka kusema juu ya chanjo ya nimonia, na katika miaka mingi ya kushughulika na maradhi ya watoto sijaona mahali panapodhihirisha maana ya chanjo hiyo kuliko hapa, penye majirani waliozoea kuhesabiana.

Watu wa pwani waliita maradhi haya kichomi, na jina hilo ni sahihi mno, maana latokana na ule mchomo wa ubavuni unaomkata mgonjwa pumzi katikati. Huku bara twasema nimonia, au kifua tu. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba anachomwa, kwa hiyo tabibu hana budi kumsoma kwa macho. Humvua shati, akatazama saa, akahesabu pumzi kwa dakika nzima bila ya kuharakisha: aliyetimiza miezi 2 lakini hajafika mwaka akipumua mara 50 au zaidi, na aliyepita mwaka akipumua mara 40 au zaidi, huyo ana alama ya nimonia, na ikiwa kila avutapo pumzi ngozi iliyo chini ya mbavu yabonyea ndani, mianzi ya pua yapanuka, na kinywa chalikataa titi, basi hapana wasaa wa kungoja asubuhi. Katika nyanda hizi, zilizo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi huleta oksijeni pungufu kuliko ile ya Mombasa, hata mapafu yaliyoziba kidogo tu humlegeza mtoto upesi. Kadhalika baridi ya usiku huwakusanya watu wote wa nyumba mahali pamoja na moto wa kuni, moshi ukatanda, na kikohozi cha mmoja kikawa cha wote.

Kijidudu kinachosababisha sehemu kubwa ya nimonia kali za watoto, na pamoja nayo homa ya uti wa mgongo na sumu ya damu, huitwa nimokoki. Makao yake ya kawaida si mapafuni. Hukaa katika pua na koo la mtoto mdogo mwenye afya, anayecheza na kula vizuri, bila ya kumdhuru, na kutoka hapo hurukia wengine kwa chafya, kwa makamasi na kwa vidole. Mtu mzima hukibeba mara chache. Ghala lake hasa ni watoto wa chini ya miaka mitano. Siku moja, kwa sababu ya mafua, au utapiamlo, au uchanga wenyewe, hushuka mapafuni au kuingia katika damu, na hapo ndipo kinapokuwa muuaji.

Kilichowashinda matabibu kwa muda mrefu ni vazi lake. Nimokoki hujifunika kwa ganda la sukari lenye utelezi ambalo askari wa mwili hawalishiki kwa wepesi, na maganda hayo si ya namna moja, bali aina zake zimezidi 100, na kinga ya aina moja aghalabu haifai kwa nyingine. Mwaka 1911 tabibu Almroth Wright alijaribu chanjo yake kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika ya Kusini, waliokuwa wakifa kwa kichomi kwa wingi wa kutisha. Yaani dawa hii ilitafutwa kwanza kwa ajili ya mikono ya kazi. Watoto walikumbukwa baadaye sana. Na hata zilipopatikana chanjo za sukari tupu zilizowafaa wakubwa, hazikuwafaa wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa mwili wa mtoto mchanga huitazama sukari peke yake kama kitu kisichomhusu. Hila iliyofungua mlango ilikuwa kuifunga sukari hiyo pamoja na protini, ambayo mwili mchanga huifahamu na kuipigia kelele, ukajifunza kuikataa na sukari iliyoshikamana nayo. Chanjo ya namna hiyo yenye aina 7 iliidhinishwa Marekani mwaka 2000, na faida yake ya pili, ambayo ndiyo roho ya makala haya, ni kwamba humkinga mtoto asiugue na tena humzuia asikibebe kijidudu puani mwake.

Mwaka huo wa 2000, kwa makadirio ya wataalamu, nimokoki iliua watoto wapatao 826,000 wa chini ya miaka mitano duniani, wengi wao wa Afrika na Asia, ilhali chanjo ilikuwa ikidungwa katika nchi ambazo vifo hivyo vilikuwa vichache mno. Huu ndio utaratibu wa kale wa dawa mpya: hufika kwanza kwa asiyekufa. Safari hii muda ulifupishwa, ijapokuwa haukufutwa. Italia, Uingereza, Kanada, Urusi, Norwei na wakfu wa Gates ziliahidi dola bilioni 1.5 kuwapa watengenezaji uhakika wa soko, kwa sharti kwamba bei kwa nchi maskini isizidi dola 3.50 kwa dozi. Na kwa njia hiyo, kupitia muungano wa chanjo uitwao Gavi, Kenya ikaanza mwaka 2011 kuwachanja watoto wake kwa chanjo yenye aina 10, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, siku zile zile mama alizokuwa akienda kliniki kwa chanjo nyingine. Miaka kumi na mmoja baada ya Marekani. Wako waliozaliwa na kuzikwa katika miaka hiyo, na sioni haya kusema kwamba kila niikumbukapo hesabu hiyo hunijia hasira.

Je, imefaa? Swali hili halijibiwi kwa kuhesabu sindano zilizodungwa. Hujibiwa kwa kuhesabu damu, na Kenya ilikuwa na bahati ya kuwa na mahali palipoanza kuhesabu zamani. Katika Hospitali ya Kilifi, tangu 1998, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust walikuwa wakichukua damu ya kila mtoto aliyelazwa na kuiotesha ili kuona kilichomo, na baadaye kidogo wakawa pia na daftari la wakazi wote wa eneo zima la jirani, watu robo milioni na zaidi, wakijua nani kazaliwa, nani kahama na nani kafa. Uchunguzi wao wa miaka minne ya mwanzo ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya vifo vya watoto hospitalini vilikuwa vya watoto wenye bakteria katika damu, na kwa waliopita miezi 2 bakteria aliyeongoza alikuwa nimokoki. Kwa hiyo chanjo ilipofika, hapakuwa na haja ya kubahatisha. Kipimo cha zamani kilikuwapo, na kipimo kipya kikawekwa kando yake.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 na Laura Hammitt, Anthony Scott na wenzao yanastahili kusomwa polepole. Maradhi makali ya nimokoki ya zile aina 10, kwa watoto wa chini ya miaka mitano, yalishuka kutoka wagonjwa 60.8 hadi 3.2 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, yaani upungufu wa asilimia 92. Maradhi makali ya nimokoki ya aina zote yalipungua kwa asilimia 68. Puani mwa watoto, waliobeba aina za chanjo walikuwa asilimia 34 kabla ya 2011, na katika miaka miwili tu wakawa 13. Kisha hili, ambalo mimi huliona kuwa kubwa kuliko yote: watoto wachanga wa chini ya miezi 2, ambao walikuwa hawajafika umri wa kupata kinga kamili, hawakuonekana tena na maradhi ya aina hizo hata mmoja, wale wa miaka 5 hadi 14 walipungukiwa na maradhi hayo kwa asilimia 74, na watu wazima kwa asilimia 81. Wengi wa hawa hawakudungwa. Waliokolewa kwa mapaja ya wengine.

Mama mmoja mchuna majani alinikabili siku moja na swali ambalo wataalamu huliogopa. "Daktari, huyu mlimchanja mara tatu, nami sikukosa hata siku moja. Mbona tena ni kifua?" Alikuwa na haki ya kuuliza, na jibu limo ndani ya hesabu za Kilifi zenyewe. Pale ambapo nimonia ilitambuliwa kwa dalili, kwa kikohozi na pumzi za haraka na kifua kubonyea, chanjo ilipunguza kulazwa kwa asilimia 27. Pale ilipothibitishwa kwa picha ya eksirei, kwa asilimia 48. Na pale nimokoki ya aina za chanjo ilipopatikana kwa hakika katika damu au maji ya uti wa mgongo, kwa hiyo 92. Hapana mgongano hapa. Kadiri kipimo kinavyomkaribia mhalifu mwenyewe, ndivyo faida inavyoonekana kubwa, kwa sababu kifua kina wahalifu wengi: virusi vya mafua, aina za nimokoki zisizomo katika chanjo, na bakteria wengine, ambao mmoja wao, Hib, alikwisha kudhibitiwa kwa chanjo iliyoingizwa Kenya mwaka 2001. Nilimweleza mama yule kwamba mtoto wake alifungiwa mlango ule mkubwa ambao kifo hupenda kuupitia, lakini nyumba ina milango mingine. Na kwamba moshi wa jikoni, ambao hauna chanjo, ni mmoja wao. Akanitazama, akasema, "Basi huo moshi nitautolea dirisha." Sina maarifa ya kuzidi hayo.

Inanipasa hapa kuwa mwadilifu, kwa maana Kilifi si Chepilat. Kule ni pwani, joto na minazi. Huku ni baridi na michai. Tena kule, katika mwanzo wa 2011, watoto wote wa chini ya miaka mitano walikusanywa wakachanjwa kwa kampeni maalumu, ili ghala lote la kijidudu lisafishwe kwa mkupuo. Sehemu nyingine za nchi, pamoja na nyanda hizi, zilianza na watoto wa chini ya mwaka mmoja tu, na waliobaki wakaachwa wakue na kupishwa na wadogo zao waliochanjwa. Kwa hiyo anayedai kwamba faida ya Kilifi ilihamia Sotik kwa tarehe ile ile na kwa kiasi kile kile anasema asilolijua. Naona ni sahihi kusema kwamba njia ni ile ile, mwendo ndio uliokuwa wa taratibu zaidi. Tena hata kule Kilifi watafiti hawakuipa chanjo sifa isiyo yake: kulazwa kwa nimonia kulikuwa kumekwisha kuanza kupungua miaka kadhaa kabla ya 2011, nao wakautoa upungufu huo katika hesabu kabla ya kutaja asilimia zao. Ndiyo maana naziamini.

Mkulima wa majani chai wa upande wowote wa mpaka huu anajua malipo mawili. Hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni, na baadaye, mwaka wa hesabu ukifungwa, huja bonasi, ambayo hutegemea kiwanda kizima kimeuza vipi, yaani inategemea pia uaminifu wa jirani asiyemfahamu aliyechuna majani mawili na chipukizi na wala hakuchanganya magugu. Chanjo hii nayo ina malipo mawili. La kwanza ni la mtoto aliyedungwa. La pili ni la kichanga wa wiki tatu aliyelala mgongoni mwa mama yake sokoni, asiyeweza kukingwa na sindano yoyote ila ile aliyodungwa mtoto mwingine, mtoto wa miaka miwili anayepita na makamasi yake kati ya mafungu ya viazi. Na huyo wa miaka miwili huenda kwao ni ng'ambo. Kijidudu hakiulizi jina la ukoo. Mtu wa Sotik aliyehakikisha wanawe wote wamechanjwa, lakini asijali kama zahanati ya upande wa pili ina dawa, amejenga ukuta wa nyumba yake pande tatu.

Na hapa ndipo nina ugomvi na utaratibu wetu. Tangu 2013, kazi ya afya ilipohamishiwa kaunti kwa mujibu wa Katiba, serikali kuu imeendelea kununua chanjo, lakini wauguzi, majokofu na safari za kupeleka kisanduku kijijini ni juu ya kaunti. Na kila kaunti huhesabu mafanikio yake kwa kugawa idadi ya watoto iliowachanja kwa idadi ya watoto inaodhaniwa kuwa nao. Mahali kama Chepilat hesabu hiyo hupotoka kwa lazima, maana mama huenda penye muuguzi, wala haendi penye mpaka. Mtoto wa Nyamira akichanjwa Bomet, Bomet huongezewa sifa ya mtoto asiye wake na Nyamira hupata lawama ya mtoto aliyekwisha kingwa. Na mwaka dawa ikipungua upande mmoja, wahitaji humiminikia upande wa pili, ambako shehena iliagizwa kwa idadi ya wenyeji peke yao. Katika ofisi ya juu yote huonekana kama tarakimu. Zahanatini huonekana kama muuguzi anayewaambia akina mama saba warudi wiki ijayo, na mama aliyeacha siku moja ya kuchuna ili aje, akapoteza ujira wa siku hiyo, si rahisi kuacha ya pili.

Lipo pia jambo dogo ambalo wachache hulizungumza. Kila kichupa cha chanjo kina alama ya duara yenye mraba mdogo ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa ni nzima, na ukishafanana na duara kwa weusi, joto limekwisha iharibu, itupwe. Alama hiyo humlinda mtu na joto. Haimlindi na baridi. Chanjo hii haitakiwi kuganda, na katika nchi hii ya baridi, kosa la kuweka vipande vya barafu vilivyoganda kupita kiasi katika kisanduku, au la jokofu kuukuu lisiloshika kipimo, laweza kuigandisha huku mraba ukibaki mweupe wa kupendeza. Mtoto akadungwa, akalia, akaandikwa, na kinga ikawa haba. Kwa nafsi yangu nimepata kufungua jokofu katika kituo kimoja nikakuta vichupa vimeshikamana na ukuta wa barafu, na kipimajoto kimelala chini kifudifudi. Muuguzi hakuwa mvivu. Alikuwa peke yake na wagonjwa sitini. Jokofu zuri na msaidizi mmoja ni sehemu ya chanjo kama vile sukari na protini zilivyo sehemu yake.

Sasa lakaribia jambo lililo zito. Gavi hulipia sehemu kubwa ya gharama ya chanjo hizi, lakini kwa kadiri pato la Kenya linavyopanda, msaada hupungua, na matarajio ni kwamba kufikia 2029 nchi ijilipie yenyewe. Mwanahisabati John Ojal na wenzake walipiga hesabu, katika makala ya mwaka 2019, ya nini kingetokea kama Kenya ingeiacha chanjo ya nimokoki msaada ukikoma, na wakakuta kwamba maradhi makali yangepanda kutoka wagonjwa 8.5 hadi 16.2 kwa kila watu 100,000 katika muda wa miaka kumi. Na kwamba kuiendeleza kungezuia vifo 14,329 katika miaka kumi na mmoja, kwa gharama ya ziada ipatayo dola milioni 15.8 kwa mwaka. Wenye kutunga bajeti watasema ni fedha nyingi. Ni nyingi kwa kweli. Lakini ziangaliwe pamoja na asili ya kijidudu hiki: hakikutokomezwa kama ndui. Kimefukuzwa puani mwa watoto, na aina nyingine za nimokoki zisizomo katika chanjo zimekwisha chukua nafasi iliyoachwa, ijapokuwa Kilifi hazikuleta ongezeko kubwa la maradhi. Zile za kwanza zinangoja. Kila mwaka huzaliwa watoto wapya wasio na kinga, na kusitisha sindano kwa miaka michache ni kulijaza ghala upya, kimya kimya, pasipo mtu kuona lolote la kutisha hadi wodi zijae.

Wala ahueni ya bei haikosekani kabisa. Mwishoni mwa 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha chanjo nyingine ya aina 10 iliyotengenezwa na Serum Institute ya India, yenye bei nafuu zaidi, na ndani yake zimo aina mbili, 6A na 19A, ambazo ile tuliyoanza nayo haikuwa nazo. Wajibu wa wakubwa wa Nairobi ni kulifanya fungu la chanjo katika bajeti liwe la lazima kama mishahara, lisiwe la kukatwa kila hazina ikipungua. Na wajibu wa Bomet na Nyamira, ambao hautaki dola hata moja, ni kukaa pamoja, kama wazee wanavyokaa ng'ombe akiibwa, wakalihesabu soko la Chepilat na vijiji vyake vya pande zote kuwa eneo moja la kuchanjia, kwa daftari moja na akiba moja ya dawa.

Mara ya mwisho nilipopita huko ilikuwa siku ya soko, na mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika. Katika zahanati iliyo karibu, msichana mwenye mtoto alisimama mlangoni, akakishika kijitabu cha kliniki kifuani kama anayekificha.

"Sista, mimi natoka upande wa pili. Hiki kitabu ni cha Nyamira."

"Karibu ndani, mama. Mtoto ana wiki ngapi?"

"Kumi, leo."

"Basi ni ya pili. Mkalishe hapa, umshike miguu vizuri."

Muuguzi akakitazama kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akadunga paja la kushoto, kisha la kulia, ambalo ndilo la nimonia, na kilio kikasikika hadi barabarani. Mama akamweka mtoto kwenye titi. Muuguzi akaandika tarehe ya kurudi, wiki nne mbele, kisha akalivuta daftari kubwa la kituo, na penye nafasi ya kijiji akaandika jina la kijiji cha ng'ambo, kama mama alivyolitaja.